Dada Yangu na Shimo la Kumi na Saba

Chuo cha teknolojia alichosoma dada yangu kimetoa kitabu cha wahitimu wake mashuhuri. Ni kitabu kizito, karatasi zake zinang'aa, na kimejaa watu waliojenga, waliovumbua na waliovishwa nishani. Yumo mwenye kiwanda cha vipuri, yumo bibi aliyebuni pampu inayotumika katika nchi sita, na wamo wawili waliorusha chombo angani. Ukurasa wa arobaini na nne ni wa mtu tuliyemwita Profesa. Mabwawa matatu, handaki moja, kitabu cha uhandisi wa miamba kinachosomwa vyuoni. Pichani anatabasamu. Meno mawili ya mbele katika tabasamu hilo ni ya bandia. Yale ya asili aliyang'oa dada yangu kwa ngumi, wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza.

Mwisho wa ukurasa pameandikwa kwamba alifariki akiwa kazini, mstari wa mbele. Ni kweli. Nataka kueleza alifikaje huko mbele, kwa sababu dada yangu hayumo katika ukurasa wowote, na yeye ndiye aliyekuwa mbele siku zote. Ninayoyaandika nimeyapata kwake kwa vipande vipande, na mengine kwa mtu mmoja aitwaye Nyundo, ambaye nitamfikia.

Nianze na ile ngumi. Darasani walikuwa wanaume thelathini na wanane, na yeye. Wanne kati yao walimfungia ndani ya chumba cha mashine ya kusaga mawe, wakaiwasha ili wamsikie akilia. Hakulia. Alisubiri nyuma ya mlango, na ulipofunguliwa akampiga wa kwanza kuingia. Bahati mbaya huyo hakuwa mmoja wa wale wanne. Alikuwa Profesa, amekuja kumfungulia.

"Nilikuwa nakuokoa, we mzee!" Profesa alisema, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Ungebisha hodi," dada akamjibu.

Walikaa meza moja miaka minne baada ya hapo, na jina la Mzee likamganda dada. Profesa alikuwa na akili inayokimbia. Dada alikuwa na akili inayotembea pole pole ikitazama chini. Nadhani alimpenda. Sikuwahi kumuuliza, na sasa sitamuuliza.

Kupiga tulifundishwa nyumbani. Watu hudhani sikio lake la kushoto liliuawa na baruti. Hapana. Lile ni kofi la baba, tukiwa mezani, mimi nikiwa na miaka sita, na kofi lenyewe lilikuwa langu. Dada aliingiza kichwa katikati. Alikuwa na miaka kumi na minne na alimalizia chakula chake huku akiwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza jambo la mbali.

Wenzake walipokwenda maofisini na vyuo vya ng'ambo, yeye alikwenda machimboni. Baada ya miaka mingi huko alipata cheti cha ulipuaji, akawa fundi baruti, na wanaume wa pale wakamwita Mama Baruti, kwanza kwa dhihaka, kisha kwa heshima, mwishoni kwa mazoea tu. Kazi yenyewe ni hii. Wachorongaji hutoboa mashimo arobaini katika mwamba kwa mashine, kila moja refu kuliko nyumba. Fundi baruti hushusha fataki, kile kidude cha kuiamsha baruti, hadi chini kabisa, humimina baruti juu yake, hufunika kwa changarawe na kushindilia kwa mti. Ni mti, si chuma, maana chuma hutoa cheche. Kisha king'ora hulia, watu hukimbilia nyuma ya ukuta wa zege, na mlima hupasuka.

Nilishuhudia mara moja. Kabla sijasikia chochote niliona ardhi ikivimba kama mgongo wa mnyama anayetaka kuinuka, halafu mlio ukanipiga kifuani kama teke. Nilijikojolea kidogo, mwalimu mzima wa miaka thelathini na nane. Dada alicheka hadi akakaa chini.

King'ora alikipiga yeye peke yake, na sheria yake ilikuwa moja: kikilia, unakimbia. Huulizi, humalizii sigara, huokoti kiatu kilichokuvuka. Mwaka wake wa pili mtu mmoja alirudi kuchukua koti. Dada alimfuata na mpini wa sepetu akampiga hadi akamvunja mkono, akamburuta nyuma ya ukuta kwa ule mkono mzima. Ofisini wakampa onyo la maandishi.

"Mkono utaunga," aliwaambia. "Kichwa hakiungi."

Sheria ya pili ilikuwa ya kimya zaidi. Baada ya mlipuko, sakafuni hubaki vishina vya mashimo ya zamani, kama mizizi ya meno. Wachorongaji wanavipenda, kwa sababu ncha ya mashine haitelezi, inaingia yenyewe kama ulimi kwenye pengo. Lakini kishina kimoja kati ya mia kinaweza kuwa na fataki iliyolala, ambayo haikuitika pamoja na wenzake. Kwa hiyo moshi ukishatawanyika, dada ndiye aliyerudi wa kwanza, peke yake, akainama juu ya kila kishina, na kila alichokitilia shaka akakizungushia rangi nyekundu. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyefia pale kwa baruti. Katika kitabu cha chuo hakuna mahali pa kuandika kitu ambacho hakikutokea.

Bwawa la tatu la Profesa lilijengwa kwa mawe ya machimbo yale. Ukuta wake ulikuwa bado haujakamilika mvua zilipoanza kunyesha huko juu mtoni, mapema kuliko zilivyotarajiwa, na maji yakawa yanapanda nyuma yake kila saa. Alitaka mawe, na aliyataka jana. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Chini ya ukuta ule kulikuwa na nyumba za watu, na yeye alikuwa halali.

Jumatatu asubuhi dada alilipua mashimo arobaini. Aliporudi kukagua, aliona kwamba kwenye shimo la kumi na saba mwamba haukuinuka sawasawa. Chini kulikuwa na kishina cha mita mbili, kimejaa baruti, na nyaya mbili zimekatika mdomoni. Alipaka rangi, akapanga mawe kukizunguka, akatangaza kwamba hakuna kuchoronga sehemu ile kwa siku mbili, mpaka baruti ioshwe kwa maji, taratibu, itolewe na fataki yake.

Meneja alipiga simu. Saa sita mchana Profesa alifika mwenyewe.

"Mzee," alimsalimia. "Umezeeka kweli sasa."

"Na wewe umenenepa. Kofia yako haina hata chembe ya vumbi."

"Nasikia unanipa siku mbili."

"Sikupi mimi. Shimo ndilo linalokupa."

"Mto haunipi hata moja. Maji yamebakiza mita moja na nusu. Chini kuna watu elfu nane. Nikawaambie nini, kwamba kuna shimo limelala, wasubiri liamke?"

Wachorongaji walicheka. Walikuwa tisa, na mkubwa wao alikuwa Nyundo, jitu lenye shingo nene na sauti nyembamba ya kushangaza. Yeye hakucheka.

"Baruti ya siku hizi hailipuki kwa kugongwa," Profesa aliendelea, sasa akiwageukia wao, kama darasani. "Ipige, ichome, itakutazama tu. Nimeandika mimi mwenyewe."

"Na fataki iliyo chini yake?" dada akauliza.

Nyundo aliniambia kwamba Profesa aliokota kijiti. Kisha akasema watachoronga pembeni, sentimita arobaini kutoka kwenye kishina, kwa pembe, na fataki haitaguswa. Alichora hata, kwenye vumbi. Mchoro ulikuwa sahihi.

"Mwamba huu umeshapasuka," dada alisema. "Mashine ikikuta ufa inaufuata. Utaanzia sentimita arobaini na utamalizia ndani ya kishina. Hilo halimo kitabuni mwako kwa sababu hujawahi kuishika ile mashine. Waulize hawa walioishika."

Hakuwauliza. Aliambiwa ukweli wake mbele ya watu waliokuwa wamemcheka mwanamke huyo dakika moja kabla, na sasa walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Nyundo," alisema. "Leta mashine."

Dada alisogeza mawe, akaketi juu ya kishina, mti wake wa kushindilia mapajani.

"Basi mtaanzia kwangu."

Nimejaribu mara nyingi kuiona picha hii: mwanamke mfupi, mpana, mwenye miaka zaidi ya hamsini, amekaa chini kama anayechambua mchele, na wanaume wamesimama kumzunguka. Meneja ndiye aliyesema wamwondoe. Wawili walimjia. Wa kwanza alimshika bega, akapata mti ule kwenye mtulinga, na mfupa ukalia kama kuni. Wa pili alimkamata nywele kutoka nyuma. Dada alimng'ata kidole gumba mpaka akahisi mfupa, hakuachia, na mtu yule akawa anapiga mayowe akimpiga kichwani kwa mkono mwingine. Hapo ndipo Nyundo aliposogea. Hakutaka, anasema. Alimpiga ngumi moja tu, ya shavu, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumfanya afungue meno. Dada alidondoka kifudifudi juu ya kile kishina na damu yake ikaingia kwenye rangi.

"Polepole, jamani, polepole," Profesa alikuwa akisema. "Msimuumize." Alikuwa amegeuza uso.

Walimbeba wakamfungia ndani ya kontena la ofisi, wakaegemeza nondo mlangoni.

Alipozinduka alisikia mashine. Kwa sikio moja, kupitia bati, aliisikia ikigonga mwamba mgumu, mlio mkavu, na akajua wameanza na sentimita zao arobaini. Baada ya dakika chache mlio ulilegea. Yeye ndiye aliyeniambia hivyo: "Ulilegea, kama mtu aliyekuwa anapanda kilima akafika tambarare." Ncha ilikuwa imekuta ufa. Alikadiria ana dakika nne.

Dirisha lilikuwa na kioo na wavu wa chuma. Kioo alikivunja kwa mtungi wa kuzimia moto, wavu aliung'oa kwa mikono, na alipojipenyeza nje vioo vilimpasua tumbo kutoka mbavuni hadi nyongani. Kovu lipo, nimelisafisha mimi. Hakukimbilia mashimoni, maana wangemshika tena. Alikimbilia kwenye nguzo ya king'ora, akaning'inia kwenye mpini wake kwa uzito wote.

Miaka kumi na tisa ilifanya kazi yake. Hakuna aliyeuliza. Wachorongaji tisa waliacha kila kitu mikononi mwao na kukimbia. Yule mwenye mtulinga uliovunjika alikimbia, aliyeng'atwa kidole alikimbia, meneja aliyekuwa ameshika kikombe alikimbia nacho. Nyundo aliruka kutoka kwenye mashine bila kuizima. Profesa peke yake hakukimbia. Alikuwa amesahau maana ya sauti ile, au aliikumbuka vizuri na akajua hakuna mlipuko uliopangwa.

"Rudini!" alipiga kelele. "Hakuna kitu! Ni yule mwanamke!"

Mashine ilikuwa bado inachoronga peke yake. Nyundo, akiwa nyuma ya ukuta, alimwona Profesa akiielekea, akaweka mkono juu ya wenzo. Wenzo ule ukiuvuta, mashine inasimama. Ukiusukuma, inashuka kwa nguvu zaidi. Alikuwa anauvuta au anausukuma? Nyundo anaapa hakuona. Ardhi ilivimba, halafu mashine ya tani sita ikalala chali kama mende.

Moshi haujaisha, dada alianza kutembea kuelekea pale. Meneja alimwita, akaendelea tu. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa mkono mmoja. Alimkuta Profesa hatua kumi na tano kutoka kwenye mashine, na kofia yake upande mwingine kabisa, safi vile vile. Sitaandika alivyomkuta. Nitaandika tu kwamba hakumgusa kwanza. Kwanza alikagua sakafu yote, kishina kwa kishina, kwa sababu wanaume walikuwa wameanza kusogea. Aliporidhika ndipo alipokaa, akakiweka kile kichwa mapajani, akawaruhusu waje.

Ukuta wa bwawa haukuzidiwa. Mvua zilikatika Alhamisi, maji yakasimama sentimita themanini chini ya ukingo, kisha yakaanza kushuka.

Tume iliundwa. Watu watano, wanne kati yao wahitimu wa chuo kile kile. Walieleza kwamba king'ora kilipigwa bila idhini na mtu aliyekuwa ameondolewa eneo la kazi kwa kufanya vurugu. Kwamba kwa sababu hiyo mashine iliachwa bila mwendeshaji. Kwamba mashine isiyo na mwendeshaji ilipotoka njia na kuingia kwenye kishina. Na kwamba marehemu alifariki akijaribu kuizima, kitendo cha ushujaa. Kila sentensi ukiisoma peke yake inasimama kwa miguu yake. Walimuuliza dada kama ana la kusema.

"Wachorongaji walio hai ni wangapi?" aliuliza.

"Tisa."

"Hesabuni tena."

Walidhani anawakejeli. Walimnyang'anya cheti cha ulipuaji kwa maisha yake yote, na mahakama ikampa miezi sita jela kwa ule mtulinga na kile kidole. Shahidi mkuu alikuwa Nyundo.

Alitoka akiwa amekonda, akaja kuishi kwangu. Mwezi wake wa pili kwangu, siku ya Jumapili mchana, mlango uligongwa, na mwanamume akajaza fremu yote. Nilimtambua kwa sauti ile nyembamba niliyoisikia mahakamani.

"Hodi, mwalimu. Namtafuta Mama."

Dada alitoka jikoni akikausha mikono. Walitazamana. Kisha akampiga, ngumi ya kulia, palepale shavuni alipopigwa yeye. Lile jitu liliyumba likashika ukuta, picha ya mama yetu ikaanguka.

"Haya," dada alisema. "Tumelipana. Kaa."

Alikaa. Alilia bila aibu, makamasi na damu pamoja. "Waliniletea karatasi imeshaandikwa, Mama. Waliniambia nikikataa, basi ni mimi niliyeacha mashine ikiwaka. Nina watoto watano."

"Najua. Uliiacha kweli ikiwaka."

"King'ora kililia!"

"Najua. Ulifanya vizuri." Alimpa kitambaa cha vyombo ajifute. "Sasa uko wapi?"

Alitaja machimbo mapya, upande wa pili wa mji. Fundi baruti wao ana cheti, alisema, ila akishalipua anaondoka na gari, ana machimbo matatu ya kuhudumia.

"Na nani anakagua mashimo?"

"Wenyewe."

"Wenyewe nani?"

Nyundo alitazama mikono yake. "Mimi."

"Na wewe unajua kutazama nini?"



Tangu siku hiyo dada huenda huko kila Jumatano, ndiyo siku yao ya kulipua. Hana cheti, getini hawampitishi, kwa hiyo hupanda kilima kilicho nyuma ya uzio na darubini niliyomnunulia, akatazama ardhi inapovimba, shimo moja baada ya jingine, kisha anampigia Nyundo simu kumweleza lipi halikuinuka. Walinzi wanamjua. Mara ya kwanza walimsukuma tu akaserereka kwenye changarawe. Mara ya pili walimvunja vidole viwili kwa rungu. Nimemsihi, nimegombana naye, nimemfungia mlango kama wale wanafunzi wenzake walivyomfungia, na nimejionea haya.

Jumatano iliyopita alirudi saa tisa alasiri, mdomo umepasuka, blauzi imechanika begani. Nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni.

"Thelathini na sita zimeitika," alisema kabla sijauliza. "Nne sikuziona. Mlinzi alikuwa amenikalia mgongoni."

"Dada, utauawa huko."

"Nimemwambia Nyundo asiguse zote nne." Alitema damu kwenye kitambaa, akakigeuza kukikagua. "Nichemshie maji ya chumvi, mdogo wangu. Na kesho nisindikize dukani, darubini wameivunja."